Tela la fifti-wili la tani sita: pikapu yangu italiweza?

Baba Nuru:

Habari zenu wakuu mlioko huku Marekani. Mimi na mama watoto tumeamua kununua tela la kulala, aina ya fifti-wili, lile ambalo pua yake inapanda juu ya bodi ya pikapu na kushikwa na sahani. Tumeshaliona moja. Limetumika lakini limetunzwa: mita 11, ekseli mbili, vyumba vitatu vya kusukumwa nje, jiko, choo, vitanda vya watoto kule nyuma. Kibao chake kinasema likipakiwa lisizidi kilo 6,350. Likiwa tupu ni kilo 5,000, na pua inalalia gari kwa kilo 950.

Pikapu yangu ni ya dizeli, milango minne, matairi mawili tu kwa nyuma. Kitabu chake kinasema inavuta zaidi ya kilo 8,000. Muuzaji kanihakikishia kwamba hata sitahisi kama kuna kitu nyuma. Sasa juzi nimefungua mlango wa dereva nikaona kibandiko cha njano na nyeupe kinasema watu na mizigo kwa pamoja visizidi kilo 1,040. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Nifuate kipi, kilo 8,000 za kitabu au 1,040 za mlangoni?

Watoto ni watatu na wote watakaa humo humo kwenye pikapu, kwa hiyo sitaki kubahatisha. Sijawahi kuvuta kitu kikubwa kuliko tela dogo la kubebea mchanga. Naomba ushauri wa mtu ambaye kazi hii kaifanya kwa mikono yake.

Dizeli_Tupu:

Mkuu chukua hilo tela. Dizeli ina nguvu, mlima itapanda bila wasiwasi. Ukiona mkia umeshuka, funga mifuko ya upepo kwenye springi za nyuma, gari inanyooka. Watu kibao wanavuta hivyo na hawajapata shida.

Shangazi wa Njiani:

Baba Nuru, umefanya la maana kusoma mlango kabla ya kutoa hela. Wengi husoma baada. Mimi nimeendesha malori ya tela hadi kustaafu, na sasa mimi na mume wangu tunaishi sehemu kubwa ya mwaka ndani ya fifti-wili letu, kwa hiyo nitakueleza kwa urefu. Univumilie.

Jibu fupi: fuata 1,040. Zile 8,000 zinazungumzia kuvuta, yaani injini, gia na kupoza. Za mlangoni zinazungumzia kubeba, yaani ekseli ya nyuma, springi, ringi na matairi. Tela la kawaida la kufungwa kwenye mpira nyuma ya bampa hulalia gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Fifti-wili hulalia kwa asilimia 15 hadi 25, na mengi makubwa yako 20 kwenda juu. Ndiyo maana hutulia vizuri barabarani, na ndiyo maana pikapu huishiwa uwezo wa kubeba mapema sana, kabla hata haijakaribia kuishiwa uwezo wa kuvuta.

Tupige hesabu yako. Kwenye 1,040 toa watu, na dereva yumo. Wakubwa wawili na watoto watatu, tuseme kilo 260. Toa sahani yenyewe na fremu yake iliyofungwa kwenye bodi, kilo 80. Toa baiskeli, sanduku la spana, vitu vya nyuma ya siti, kilo 60. Umebakiwa na 640. Hizo ndizo kilo ambazo pua ya tela inaruhusiwa kukulalia. Tela ulilolipenda ukilipakia hadi kilo 6,000 na pua ikawa asilimia 21, ni kilo 1,260. Umezidisha kwa kilo 620. Kwa pikapu hiyo na familia hiyo, tela la kukufaa lisizidi takriban kilo 3,000 likiwa limejaa, na fifti-wili la uzito huo lenye nafasi ya watu watano ni shida kulipata.

Zile kilo 950 za kwenye kibao zisikupe moyo. Ni za tela tupu. Hazina nguo zenu, vyombo, mitungi iliyojaa gesi, na mara nyingi hata betri hazimo. Tena angalia stoo kubwa ya mizigo iko wapi: iko mbele, chini ya chumba cha kulala, karibu kabisa na pini, yaani kile chuma cha kwenye pua kinachoingia kwenye sahani. Kila mtu hujaza pale kwanza kwa sababu mlango wake ni mpana. Ukiweka kilo 150 mle ndani, sehemu kubwa inashuka moja kwa moja kwenye bodi ya pikapu.

Na hizo 8,000 za kitabu zina masharti yake. Kuna kipimo kinaitwa SAE J2807 ambacho watengenezaji wakubwa wa Marekani wanakifuata. Ndani yake gari hupimwa likiwa na dereva na abiria mmoja tu, kilo 68 kila mmoja. Wewe unakuja na watu watano.

Mdogo wangu Dizeli_Tupu, mifuko ya upepo ninaijua na nimeitumia. Inanyanyua mkia, taa za mbele zinaacha kumulika mawinguni, na hilo ni jambo jema. Lakini kibandiko cha mlangoni hakibadiliki. Ekseli ni ile ile, beringi zile zile, matairi yale yale mawili, breki zile zile. Gari likinyooka machoni, dereva hudhani mzigo umepungua, naye anaongeza mwendo. Tafadhali tusimshauri hivyo mtu mwenye watoto watatu kwenye siti ya nyuma.

Baba Nuru:

Shikamoo shangazi. Nimesoma maelezo yako mara mbili, mara ya pili na mama Nuru pembeni na kalamu. Kwa kweli muuzaji hakunitajia hata moja katika hayo.

Tumekubaliana kwamba pikapu ndiyo itabadilika, kwa sababu watoto wanahitaji vile vitanda. Je, ile yenye matairi manne nyuma itatosha? Na nitajuaje uzito halisi badala ya kukisia? Halafu, samahani kwa maswali mengi, kuna jambo linaninyima usingizi: kufunga. Nimeona video ya tela limedondokea bodi ya pikapu, kuta zote mbili zimekunjika. Linatokeaje hilo?

Mama Nuru naye anauliza kama anaweza kuendesha.

Fundi Upepo:

Baba Nuru, wakati shangazi anakuja, niongeze la matairi maana ndiyo kazi yangu.

Matairi ya tela yana herufi ST ubavuni. Usiyachanganye na ya gari. Mengi yametengenezwa kwa mwendo usiozidi kilomita 105 kwa saa, isipokuwa ubavuni pawe pameandikwa kiwango cha juu zaidi. Kwa hilo ulilotaja, nadhani utakuta 235/80R16 ya daraja E. Hiyo kwa upepo wa PSI 80 inabeba kilo 1,597 kila moja. Manne yanafika 6,388. Ekseli za tela zitabeba kama kilo 4,750 baada ya pua kulalia pikapu, kwa hiyo kwa hesabu ya jumla uko salama. Ila mzigo haugawanyiki sawasawa. Upande wenye jiko, friji na chumba cha kusukumwa nje huwa mzito kuliko wa pili. Ndiyo maana kila mara unaona ni tairi la upande ule ule linalopasuka.

Halafu soma tarehe. Tafuta neno DOT ubavuni, tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tela husimama miezi mingi juani, kashata zinakuwa nzima kabisa huku raba ndani imeshakufa. Mimi likifika miaka mitano au sita natoa, hata likiwa linang'aa. Pima upepo asubuhi kabla hujatembea. Mchana likiwa la moto PSI zitapanda, hiyo ni kawaida, usipunguze. Na nati za ringi ukishazifungua kwa sababu yoyote, zikaze kwa spana ya kipimo, kisha urudie baada ya kilomita 16, 40 na 80. Ringi mpya hujikalisha, nati zinalegea bila kelele.

Shangazi wa Njiani:

Marahaba mwanangu. Fundi Upepo kasema kweli tupu, nami sitarudia ya matairi.

Pikapu ya matairi manne nyuma mara nyingi huwa na uwezo wa kubeba unaopita kilo 2,000. Toa zile 260, 80 na 60, unabaki na 1,600. Pua ya 1,260 inaingia na nafasi inabaki. Lakini usinunue kwa jina la modeli. Fungua mlango wa hiyo hiyo unayotaka kuinunua usome kibandiko chake, kwa sababu paa la kioo, gia za magurudumu yote manne na siti za kifahari vyote vimeshakatwa kutoka kwenye uwezo wa kubeba. Pikapu mbili zilizosimama bega kwa bega kwa muuzaji mmoja zinaweza kupishana kwa kilo mia kadhaa.

Uzito halisi utaupata kwenye mizani ya malori. Nenda kwanza na pikapu peke yake, tangi limejaa, familia ndani, sahani imefungwa. Tuseme inasoma 4,000. Rudi na tela limepakiwa kama vile mnasafiri kweli, ekseli za pikapu kwenye kipande kimoja cha mizani na za tela kwenye kingine. Pikapu ikisoma 5,260, pua yako ni 1,260. Tela likisoma 4,740 kwenye ekseli zake, ukijumlisha na pua unapata 6,000. Asilimia 21. Hiyo karatasi iweke kwenye gari. Maji nayo ni uzito: tangi la lita 230 ni kilo 230, na kama tangi liko nyuma ya ekseli, likijaa linainyanyua pua. Pua ikishuka chini ya asilimia 15 tela linaanza kuyumba, kwa hiyo wepesi wa pua usiufurahie.

Sasa kufunga. Nimefurahi kwamba linakunyima usingizi, maana ndipo ajali za kipuuzi hutokea, na huwa hazitokei kwa sababu mtu hajui. Hutokea kwa haraka, au kwa sababu mtu kaja kupiga stori katikati ya kazi.

Sahani ina taya mbili ambazo hubana shingo ya pini, yaani kile kipande chembamba kilicho juu ya kichwa cha pini. Ukirudi nyuma pua ya tela ikiwa juu kupita kiasi, kichwa cha pini kinapanda juu ya taya. Taya zinajifunga chini yake au zinashika ncha tu. Utasikia mlio, mpini wa sahani utaonekana kama umeingia, kila kitu kitaonekana sawa. Unakunja miguu ya tela, unaondoka, pini inateleza nje, na tani kadhaa zinaangukia kuta za bodi. Niliwahi kumshuhudia jirani yetu kambini likimtokea hilo mbele ya mkewe. Hakuumia mtu, ila kile kishindo sijakisahau.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabari kwenye matairi ya tela kabla ya kitu chochote. Shusha pua mpaka bamba lake la chini liwe chini kidogo kuliko sehemu ya juu ya sahani, sentimita moja au mbili, ili sahani inapoingia ilinyanyue tela kidogo. Ukiona pikapu inachuchumaa kidogo wakati unarudi, uko sawa. Ikigonga, zima, funga breki ya mkono, shuka. Chukua tochi, piga magoti nyuma ya bodi, tazama kati ya sahani na bamba la tela. Usione mwanga unapita. Kisha tazama taya zenyewe zimeikumbatia shingo ya pini pande zote. Usikubali kuambiwa na mtu. Tazama kwa jicho lako. Halafu choma pini ya usalama kwenye mpini.

Chomeka waya wa umeme na kamba ya waya ya dharura. Miguu ya tela bado iko chini, inyanyue kidogo tu iache ardhi kwa upana wa vidole viwili. Kabari bado zipo. Washa gari, shika breki za tela kwa mkono kupitia kontrola, kile kidude cha breki za tela kilicho karibu na dereva, weka gia ya kwenda mbele, vuta taratibu. Pikapu ikigoma kwenda, umefunga. Ikienda peke yake, tela linashuka vidole viwili tu juu ya miguu yake na bodi inabaki nzima. Baada ya hapo ndipo ukunje miguu kabisa na kutoa kabari.

Hiyo kamba ya dharura ifunge kwenye chasisi ya pikapu. Wengi huifunga kwenye sahani, na sahani yenyewe ikichomoka kwenye bodi, kamba inaondoka nayo bila kuvuta swichi. Ikivutwa inavyotakiwa, breki za tela zinashika kwa nguvu ya betri ya tela. Ijaribu siku moja uwanjani: ivute, jaribu kusogea, kisha irudishe mapema. Usiitumie kuegeshea, inaua betri na kuunguza sumaku za breki. Na betri iliyokufa maana yake huna breki ya dharura, ijapokuwa kamba imefungwa vizuri sana.

Barabarani, weka kontrola ya breki kwa kujaribu mahali tambarare, mwendo wa kilomita 35 hivi kwa saa. Bonyeza breki za tela peke yake. Unataka uhisi tela linakuvuta nyuma kwa nguvu, lakini matairi yasijifunge yakaburuzika. Kwenye mteremko, gia nzito iingie kabla hujaanza kushuka, na breki ya ekzosi iwashwe. Kanyaga breki kwa nguvu mpaka mwendo upungue vizuri, achia zipoe, rudia. Ukishikilia mguu kidogo kidogo kwa mteremko mzima, utanusa breki, na ukizinusa umeshachelewa. Mkisimama, zunguka tela uguse kitovu cha kila ringi kwa mgongo wa mkono. Kimoja kikiwa cha moto kuliko wenzake, kuna beringi au breki inayokuambia kitu. Usiondoke mpaka ujue ni nini.

Kwenye kona, tairi za tela zinakata ndani. Nenda mbele zaidi kuliko unavyotaka kabla ya kukata usukani. Ila wengi hukumbuka hilo na kusahau mkia: nyuma ya ekseli tela lina mita tatu au nne zinazobembea kwenda upande wa pili. Nguzo za vituo vya mafuta zimejaa rangi za matela ya watu.

Kimo nacho upime mwenyewe, kutoka ardhini hadi juu ya kiyoyozi, tela likiwa limefungwa kwenye pikapu yako hiyo. Andika kwenye karatasi, bandika mbele ya dereva. Majimbo mengi ya mashariki mwa Marekani kikomo ni mita 4.11, na matela kama lako huwa yanakaribia hapo. Durham, North Carolina, kuna daraja la reli lililokuwa likichuna mapaa ya malori. 2019 walilinyanyua likafika mita 3.76, na bado lako lisingepita. Ramani za kawaida za simu hazijui kimo chako.

Leseni usiisahau, na hii ulize katika jimbo unaloishi kabla hujasaini. Texas, kwa mfano, uzito wa juu ulioandikwa na mtengenezaji kwa pikapu na tela kwa pamoja ukizidi kilo 11,793 na wa tela peke yake ukizidi 4,536, unahitaji leseni ya daraja A isiyo ya biashara. California, fifti-wili ambalo uzito wake wa juu wa kwenye kibao unazidi kilo 6,804 linataka daraja A pia. Bima ikigundua baada ya ajali kwamba leseni si yenyewe, huenda ukabaki peke yako.

Mama Nuru, karibu sana. Tela halijui nani ameshika usukani. Tafuteni uwanja mpana usio na watu, wekeni koni, mfanye wote wawili. Ukirudi nyuma, shika usukani kwa chini: mkono ukienda kulia, mkia wa tela unakwenda kulia. Fifti-wili huchelewa kuitika kuliko tela la kufungwa kwenye mpira wa bampa, kisha likiitika linaendelea, kwa hiyo geuza kidogo, subiri, anza kunyoosha mapema. Anayesimama nje aonekane kwenye kioo muda wote. Asipoonekana, gari lisimame. Mkubaliane ishara za mikono kabla, na anayesema simama asibishiwe.

Baba Nuru:

Ahsante sana shangazi, na Fundi Upepo pia. Mama Nuru anasema kazi ya tochi ni yake, hakuna kuondoka kabla hajaona taya. Jumamosi tunakwenda kuangalia pikapu mbili, na milango yote miwili itafunguliwa kabla ya boneti. Swali moja la mwisho: paa la tela nilikague vipi kabla sijalipa?

Shangazi wa Njiani:

Panda juu na ngazi, ukanyage panapobeba uzito. Tazama ule ulimbo mweupe kuzunguka kila tundu: bomba za hewa, kiyoyozi, madirisha ya paa, na kona zote. Ukiwa umepasuka au kunyanyuka, maji yameshaingia. Kisha shuka ndani, fungua makabati ya juu, bonyeza mbao kwenye kona kwa kidole gumba, hasa kule mbele juu ya kitanda na pembeni mwa vyumba vya kusukumwa nje. Pakilainika au pakinuka unyevu, achana nalo hata wakikupunguzia bei. Mengine mengi yanatengenezeka, ukuta uliooza ni kulivua tela zima.